Sikuwa Mtoro

Salima mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ni yako tangu ulipokuwa darasa la nne, siku uliyorudi shule ukaniuliza, "Mama, eti wewe uliacha shule kwa uvivu?" Nikakwambia nenda kachote maji. Pipa lilikuwa limejaa, na wewe uliliona limejaa, lakini ulichukua ndoo ukaenda. Tangu siku ile nimekuwa nikisema nitaandika baada ya palizi, nitaandika korosho zikiisha, nitaandika akimaliza la saba. Umemaliza, umefaulu, kesho asubuhi unapanda basi kwenda Masasi kuanza kidato cha kwanza, na mimi ndiyo kwanza natafuta kalamu.

Umekwenda Kitangari kumuaga bibi yako. Najua hatakuachia kabla ya alasiri, maana lazima akulishe ming'oko mpaka ushindwe kutembea, kwa hiyo nina muda. Nimekaa mlangoni. Mikono bado ina weusi wa mafuta ya korosho, ukiona alama za vidole kwenye karatasi usidhani ni uchafu. Nitaiweka chini kabisa ya tranka, chini ya shuka. Isome ukishafika, ukiwa peke yako.

Mambo ya sabuni, ndoo, kufuli, nani wa kumwazima kitu na nani wa kumnyima, bibi ameshakwambia na leo atakwambia tena. Siyarudii.

Mimi nina jambo moja. Kwenye daftari la shule niliyosoma, mbele ya jina langu, wameandika mtoro. Mimi sikuwa mtoro. Nilifukuzwa. Wiki mbili kutoka kesho nitakuja huko huko Masasi kulisema hilo kwa jina langu, mbele ya watu watakaoliandika na kulipeleka kwenye kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto. Mjomba Mfaume amekataa. Nitakwenda hivyo hivyo. Lakini ndani ya habari yangu umo wewe, na siwezi kuisema yangu bila kugusa yako. Ndiyo maana ninaandika.

Nilikuwa kidato cha pili, nina miaka kumi na sita. Shuleni kwetu, kila tulipotoka likizo, kabla hujaingia hata darasani, wasichana tulipangwa mstari nyuma ya stoo. Matroni anapita, unapandisha blauzi, anakubonyeza kwa vidole vinne chini ya kitovu, akiridhika anasema, "Pita." Wavulana walikuwa wanafyeka majani upande wa pili wa ukuta, wanasikia kila kitu. Tulizoea. Tulikuwa tunacheka, tunamwita matroni Muuza Matikiti kwa jinsi alivyobonyeza. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba tulicheka.

Zamu yangu hakusema pita. Alibonyeza mara mbili, akanitazama usoni, akasema taratibu, "Kaa pembeni, mwanangu."

Baba yako alikuwa kidato cha tatu. Nakwambia bila hasira, hasira ya yule niliimaliza ukiwa bado unanyonya. Alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanafyeka. Aliendelea kufyeka siku ile, akaendelea kusoma mwaka ule, akafanya mtihani wake wa kidato cha nne kama wenzake. Mimi nilitoka na madaftari yangu kwenye mfuko mtupu wa salfa, ile dawa ya mikorosho. Ndivyo ilivyokuwa nchi nzima: tumbo liko kwa msichana, basi na kosa liko kwa msichana.

Sasa sikiliza sehemu yangu, maana sitaki ukue ukidhani mama yako alionewa tu, yeye hakufanya lolote.

Mkuu wa shule alimwita mjomba Mfaume. Unajua kwetu. Baba anakupa jina, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Siku ile baba yangu mzazi alibaki nje ameshika baiskeli, na kaka yake mama akaingia ofisini, akavua kofia.

"Mzee," mkuu wa shule akasema, "nikiandika mimba, suala hili linakwenda polisi. Kijana atakamatwa, na nyinyi wazee mtahojiwa. Nikiandika utoro, linaishia hapa hapa."

"Andika utoro," mjomba akasema.

"Basi binti asaini."

Mjomba akanigeukia. "Saini, mama."

Nikasaini. Hakuna aliyenishika mkono, Salima. Nilisaini kwa mwandiko wangu ule uliosifiwa darasa zima, na nikwambie ukweli, nilishukuru. Niliona wamenisitiri. Wewe umekaa unyagoni, unajua tulivyofundwa, la ndani halitoki. Mkuu wa shule alidhani ananisitiri, mjomba alidhani ananisitiri, na mimi nikadhani hivyo hivyo. Watu watatu tulikaa katika chumba kimoja tukaandika uongo kwa wema. Hakuna aliyekuwa mbaya mle ndani. Nadhani ndiyo maana uongo ule umedumu. Wa mtu mbaya ungeshachakaa.

Wewe ulizaliwa wakati wa mabibo, nyumba yote inanuka mabibo. Nikajifunza kubangua korosho nikiwa nimekubeba mgongoni. Wenzangu walipofanya mtihani wa kidato cha nne, nilikuwa naweza kujua korosho mbovu kwa kuigonga tu. Sijutii kukuzaa. Usisome barua hii kwa macho hayo. Najutia ile sahihi niliyotia.

Ulipokuwa na miaka kama minane alikuja wakili. Labda unamkumbuka, mwanamke mfupi, amevaa raba zilizojaa mchanga, alikuwa anatoka upande wa Tandahimba anapita nyumba kwa nyumba. Alikaa mkekani na sisi. Wewe ulikuwa unachambua mbaazi. Akanieleza kuwa kuna watu wameishitaki nchi yetu kwenye ile kamati ya Afrika kwa kufukuza wasichana wenye mimba. Akasema nchi yetu ilitia saini mkataba, na ndani ya mkataba imeandikwa kabisa kwamba msichana akipata mimba apewe nafasi ya kuendelea na masomo.

"Nani aliwalazimisha kusaini?" nikamwuliza.

"Hakuna. Walisaini wenyewe."

Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini mjomba akawa ameshafika. Habari za mgeni kwetu hazina haja ya simu.

"Shikamoo, mzee," wakili akasema.

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na wasichana waliofukuzwa."

"Wasichana hawamtumi mtu mzima. Sema Wazungu."

"Si Wazungu, mzee. Kamati ni ya Waafrika."

Mjomba akacheka. "Basi hao ndio wabaya zaidi. Mzungu angalau nitamwambia hajui mila zetu." Halafu akaacha kucheka. "Unataka huyu mtoto aisemee nchi yake vibaya kwa wageni. Haya, mwulize mwenyewe kama alifukuzwa. Mwulize."

Wakili akanigeukia. "Dada Somoe?"

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nina mtoto anayesoma, na mjomba bado ananiita huyu mtoto. Nikasema, "Niliacha mwenyewe. Nilikuwa mtoro."

Aliandika. Aliandika polepole kama mtu anayenipa nafasi ya kumkatisha, na mimi sikumkatisha. Alipofunga daftari hakunikasirikia. Alisema tu, "Sawa. Nikienda huko wataniambia wasichana wanaacha wenyewe. Nilikuwa natafuta mmoja wa kata hii wa kusema si kweli." Akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaondoka.

Ulikuwepo. Ulinisikia. Swali lako la darasa la nne nafikiri lilianzia pale kwenye ungo wa mbaazi.

Wengine walisema. Wasichana wa mikoa mingine, siwajui, walisema. Baadaye serikali ikatangaza kuwa waliojifungua wanaweza kurudi shule, na baadaye tena kamati ikatoa uamuzi kwamba nchi yetu ilikosea. Nilisikia redioni tukiwa tunabangua, wanawake kama kumi. Mmoja akaniambia, "Haya Somoe, rudi shule, watakutafutia dawati pana." Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama pale, silii wala sifanyi chochote. Jambo lilikuwa limeshinda, na mimi nilikuwa nimeandikwa upande ulioshindwa. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kuna lingine. Hili ningependa sana nisiliandike.

Mwaka jana, bomba lilipokatika wiki nzima, ulishuka bondeni kisimani ukarudi magharibi imeshaingia. Ulisema foleni ilikuwa ndefu. Nilikutua ndoo, nikafunga mlango, nikakwambia upandishe blauzi. Nikakubonyeza tumbo. Kwa vidole vinne, Salima, chini ya kitovu, vile vile, mkono wangu ulijua njia kama ulifundishwa jana. Hukulia. Ulinitazama kama mtu anayemtazama mgeni kaingia ndani bila hodi. Nilipomaliza nikasema, "Pita." Neno lilitoka lenyewe.

Ulikula ugali wako ukaenda kulala, na asubuhi ukaniamkia shikamoo kama kawaida. Mimi sijapata usingizi mzuri tangu siku ile. Walichonifanyia nilikuwa nimekihifadhi mwilini miaka yote, nikakitoa kwako mwanangu, bila hata mtu kuniamrisha. Sitasema nilikuwa na hofu, ingawa nilikuwa nayo. Matroni pia pengine alikuwa na hofu. Nisamehe. Na kama huko uendako mtu yeyote, mwalimu au nesi au nani, atataka kukupanga mstari akubonyeze tumbo, kataa. Sema mama yangu alishanifanyia hivyo na akaniomba radhi, na wewe kwanza kaombe ruhusa kwake. Wakikurudisha nyumbani kwa kukataa, rudi. Mlango uko wazi, na safari hii tutakwenda wote wawili ofisini, na mimi sitabaki nje na baiskeli.

Wakili yule amerudi mwezi uliopita. Amenenepa kidogo, raba ni zile zile. Hakuwa amekuja kwangu, alikuwa anapita tu, mimi ndiye niliyemkimbilia barabarani na kanga moja. Nikamwambia, "Dada, nilikudanganya." Akasema, "Najua." Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia. Akajibu, "Uongo ulikuwa wako, mimi ningekusaidiaje kuutoa?"

Akanieleza mambo yalipofika. Kamati ilishasema nchi ifanye nini, sasa kinachofuatiliwa ni kama imefanya kweli. Wanakusanya maelezo ya sisi wa zamani, ambao tangazo la kurudi shule limetukuta tumeshapitwa, majina yetu yamebaki kwenye madaftari na makosa yale yale mbele yake. Nikamwuliza kwa nini nisiende mahakamani moja kwa moja, ile mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Akasema mlango ule nchi yetu iliufunga, mtu binafsi hawezi tena kupeleka kesi mwenyewe. Nikacheka sana, akashangaa. Nikamwambia, dada, hebu fikiria, mahakama imejengwa uani kwetu, na sisi wenye nyumba ndio tusioruhusiwa kubisha hodi. Akasema ndiyo maana tunapita huku kwingine kulikobaki wazi. Nikasema nitapita.

Mjomba alikuja juzi, wewe ulikuwa shambani. Nilimwamkia, nikampa kiti.

"Nasikia unakwenda Masasi."

"Ndiyo, mjomba."

"Hiyo kamati yenu ina askari wangapi?"

"Haina hata mmoja."

"Basi itakusaidia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini swali lile aliliuliza kwa kutaka kujua kweli, kwa hiyo nikamjibu kweli. Nikasema, "Mjomba, ipo karatasi moja inasema mimi nilikuwa mtoro. Hiyo karatasi siwezi kuichana. Nataka iwepo ya pili inayosema sikuwa. Mtu akija kutafuta, azikute zote mbili."

Akasema ile mikorosho ninayookotea ni ya ukoo, na mwenye kugawa ni yeye, na mtu anayeutoa ukoo nje hawezi kula cha ndani. Nikamwambia, "Mikorosho ni yako kugawa, mjomba. Sikatai. Ukiichukua nitabangua za watu, kama ninavyofanya sasa. Lakini sahihi yangu ulishaitumia mara moja, sikupi mara ya pili."

Sikuwahi kusema naye hivyo maisha yangu yote. Akavaa kofia, akafika mlangoni, akageuka. "Na huyo mtoto Salima? Habari yake nayo utaitoa? Kwa ruhusa ya nani? Hiyo niko mimi wa kuisemea."

Hapo alinikamata, nakiri. Kwa sababu kweli nilikuwa nimeshapanga kulitaja jina lako. Nilikuwa nimeshamwambia wakili, mwanangu anaitwa Salima, amefaulu, andika hivyo, waone aliyekuwa tumboni yuko wapi leo. Nilijivuna. Sikukuuliza. Nilikuwa nakuandikia na wewe utoro wako, kwa wema, kama walivyoniandikia mimi.

Nikamjibu mjomba, "Si wewe utakayesema, na si mimi. Tutamwuliza mwenyewe."

"Mtoto wa miaka kumi na minne?"

"Mimi nilikuwa na kumi na sita, na mlinipa kalamu."

Akaondoka bila kuaga. Mikorosho hajaichukua bado. Akiichukua utasikia, na usije ukaacha masomo kuja kunililia. Bibi yako yuko upande wangu, ingawa anasema hayuko upande wowote.

Basi jambo lenyewe ndilo hilo. Mimi nitakwenda, hilo halisubiri mtu. Nitasema naitwa Somoe, nilifukuzwa kwa sababu ya mimba, niliandikiwa utoro wa uongo na nikausaini kwa mkono wangu. Lakini wewe unaweza kuwemo kwa jina, au ukawa herufi moja tu, au usiwemo kabisa, iwe tu kwamba nilijifungua. Wakili anasema yote yanawezekana. Fikiria mabweni, fikiria midomo ya wenzako, fikiria na baba yako, ambaye yuko hai na ana watoto wengine. Usifikirie mimi. Ukisema hapana, habari yangu itakuwa fupi kidogo lakini itakuwa ya kweli vile vile, na nitapika siku hiyo kama siku nyingine.

Sikwambii uwe jasiri. Mimi nimekuwa jasiri kwa muda wa mwezi mmoja tu, sina cha kufundisha. Nakwambia tu nilichokilipia: wakikupa karatasi usaini, isome. Wakikupa kwa upole, isome mara mbili.

Nakusikia unaimba njiani, kwa hiyo nafunga. Jumamosi mkiruhusiwa kwenda sokoni, mkabidhi konda wa basi la Newala bahasha, mwambie ni ya Mama Salima. Nahitaji unitumie haya:

Madaftari yako ya Hisabati na Baiolojia, nakala siyo yenyewe, mada moja moja kila ukimaliza. Nimejiandikisha kwenye darasa la jioni la waliokatisha masomo, tunaanza upya tangu kidato cha kwanza, kwa hiyo usinicheke tukiwa mada moja.

Majina ya vitabu vinavyotumika sasa, andika vizuri yasomeke. Vya wakati wangu panya wamevimaliza.

Nakala ya cheti chako cha kuzaliwa. Nimekuwekea cheti chenyewe na nakala yake kwenye bahasha ya kaki. Tarehe yako ikiwekwa karibu na tarehe ya utoro wangu, mtu yeyote anayejua kuhesabu miezi ataona. Lakini itume tu kama jibu lako ni ndiyo.

Na jibu lenyewe, kwa wino, kwa mkono wako, na sahihi yako chini. Ndiyo kwa jina, ndiyo kwa herufi, au hapana. Usiandike "vyovyote mama utakavyo." Nikiona maneno hayo nitakurudishia karatasi na konda huyo huyo, uandike upya.

Mama yako,
Somoe